Usiombe Faili: Namna ya Kupata Nakala za Kumbukumbu Zako za Matibabu

"Faili halitoki, kaka."

Niliambiwa hivyo kwenye dirisha la kumbukumbu la hospitali moja ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, asubuhi ya baridi, nikiwa sijalala vizuri kwa siku mbili. Mama yangu alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi katika hospitali hiyo, kisha akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Tulisafiri na fomu ya rufaa yenye mistari mitatu. Daktari wa kule aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akauliza, "Majibu ya nyama yako wapi?" Alimaanisha majibu ya kipimo cha kile kipande cha uvimbe kilichokatwa. Hatukuwa nayo. Hatukujua hata kwamba tulipaswa kuwa nayo. Mama akabaki kwa dada yangu Mbagala, mimi nikapanda basi la alfajiri kurudi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, nikafika usiku. Kesho yake nikasimama dirishani kuomba faili, na faili halikutoka.

Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyekuwa akipita na beseni la vifaa. Alisikia mabishano, akasimama. "Mwanangu," akasema, "faili ni la hospitali, hata mimi siwezi kwenda nalo nyumbani. Wewe unataka nini kilichomo ndani yake?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani faili ni kitu kimoja. Na nimegundua baadaye, kwa kuwasindikiza ndugu na majirani, kwamba karibu kila anayegombana na dirisha la kumbukumbu anagombana kwa sababu hiyohiyo: anaomba faili, wakati anachokihitaji ni karatasi mbili au tatu zilizomo ndani yake, na kila karatasi ina mlango wake.

Kilichomo ndani ya jalada

Ukilazwa siku nne tu, jalada lako linanenepa. Kuna maelezo ya daktari ya kila anapopita wodini. Kuna chati za wauguzi: joto, presha, mapigo ya moyo, saa uliyopewa dawa. Kuna karatasi za kuomba vipimo na karatasi za majibu. Kama umepasuliwa, kuna fomu ya ridhaa uliyosaini, maelezo ya daktari wa usingizi, na ukurasa ambao daktari wa upasuaji ameandika alichokikuta na alichokifanya. Mwisho kuna karatasi ya kuruhusiwa. Wenye bima wana na nakala za fomu za madai.

Jalada lenyewe na karatasi zake halisi ni mali ya hospitali, na mimi nakubaliana kabisa na utaratibu huo. Ukiletwa usiku wa manane umezimia, daktari wa zamu analitafuta jalada kabatini, halitafuti chini ya godoro lako nyumbani. Mgonjwa akidai hospitali ilimkosea, jalada ndilo ushahidi wake na ndilo ushahidi wa hospitali pia, na mahakama inataka karatasi halisi ambazo hazikupita mikononi mwa upande wowote. Mfuko wa bima nao ukitilia shaka madai, unakuja kulisoma jalada. Kwa hiyo mtunza kumbukumbu anayekataa kukukabidhi faili hakuonei. Anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Lakini yaliyoandikwa ndani yanakuhusu wewe. Ni damu yako iliyopimwa, ni tumbo lako lililopasuliwa. Hapo ndipo haki yako ilipo: katika taarifa, wala si katika gamba la jalada. Na taarifa hutoka kwa sura tatu.

Sura ya kwanza ni nakala za majibu, yaani karatasi za maabara, ripoti za picha na majibu ya nyama. Hizi ndizo rahisi kupatikana, maana zimeshaandikwa na zimeshasainiwa. Kinachobaki ni kuzifotokopi au kuzichapa upya kutoka kwenye mfumo na kuzigonga muhuri. Sura ya pili ni karatasi ya kuruhusiwa, ule muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili unaosema uliingia lini, ulikutwa na nini, ulitibiwa vipi, umetoka na dawa gani na urudi lini. Kila aliyelazwa anapaswa kuondoka nayo. Wengi huondoka bila hiyo kwa sababu ya haraka ya kuwahi gari, au huondoka nayo wakaitupa pamoja na mifuko ya dawa. Sura ya tatu ni ripoti ya daktari. Hii haijaandikwa bado. Daktari anakaa, anasoma jalada lote, na kukuandikia barua rasmi kwa ajili ya jambo fulani: mwajiri, bima, mahakama, balozi, au hospitali nyingine. Ndiyo maana inachukua siku, ndiyo maana mara nyingi ina malipo, na ndiyo maana ukiiomba Ijumaa saa tisa alasiri hutaipata.

Ukijua unataka ipi, mazungumzo ya dirishani hubadilika. Badala ya "naomba faili la mama," unasema, "naomba nakala ya majibu ya nyama ya mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mwezi wa nne, wodi ya upasuaji ya wanawake." Hilo ni ombi ambalo mtu anaweza kunyanyuka kwenye kiti na kulitimiza.

Kabla ya kwenda hospitali, angalia chini ya kitanda

Huku kwetu sehemu kubwa ya historia ya matibabu ya mtu haiko hospitalini kabisa. Iko kwenye daftari. Mtu akienda zahanati, iwe Isongole au Ilula, mara nyingi anaambiwa aje na daftari la shule, na tabibu anaandika humo: tarehe, malalamiko, kipimo cha malaria, dawa. Zahanati inabaki na mstari mmoja tu kwenye rejesta ya MTUHA, yenye jina, umri, kijiji, ugonjwa na dawa. Rejesta hiyo ni ya kuhesabu wagonjwa na kupeleka takwimu wilayani. Maelezo yenyewe umeondoka nayo wewe. Daftari likijaa, watu wanawashia moto wa kuni. Nimeona kwa macho yangu daftari la mzee mwenye presha ya miaka sita likitumika kufungia chumvi.

Hilo daftari ni kumbukumbu ya matibabu kamili, na hakuna kituo kitakachoweza kukurudishia likipotea. Kadi ya kliniki ya mama mjamzito ni vilevile, na kadi ya mtoto yenye chanjo na uzito pia. Vitunze kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, hasa kama unaishi Rungwe au Makete ambako mvua na ukungu havina msimu wa kupumzika na karatasi inaota ukungu ndani ya sanduku.

Kuna kitu kingine kinachowaponyoka watu. Ile picha ndogo ya utrasaundi, karatasi laini inayong'aa, haikuchapwa kwa wino. Imechapwa kwa joto, na joto hilohilo huifuta. Ikikaa karibu na jiko au kwenye dashibodi ya gari, inafifia hadi inabaki karatasi ya kijivu isiyo na kitu. Siku hiyohiyo unapoipata, ipige picha kwa simu kwenye mwanga wa dirisha, karatasi ikiwa bapa, jina na tarehe vikionekana. Filamu za eksirei nazo zisikunjwe. Ziache kwenye bahasha lake kubwa, zilale bapa mahali pakavu.

Sheria inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wengi wanaijua kwa habari za simu na mitandao, lakini hospitali imo ndani yake sawasawa. Kwa lugha ya sheria hiyo, hospitali ni mkusanyaji wa taarifa na wewe ni mhusika wa taarifa. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, maana yake zinahitaji ulinzi mkubwa kuliko jina na namba ya simu.

Sheria hiyo ina makali pande mbili, na watu hupenda kutaja upande mmoja tu. Upande wa kwanza, unayo haki ya kujua mkusanyaji ana taarifa gani kukuhusu, kuzifikia, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Upande wa pili, hospitali inabanwa isimpe mtu mwingine taarifa zako bila idhini yako au sababu ya kisheria. Kwa hiyo mtunza kumbukumbu anayekuomba kitambulisho na barua hakuzungushi; akikupa karatasi bila kukuuliza lolote, kesho atampa na jirani yako.

Kuna pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo baadhi ya watu huitaja dirishani kwa sauti ya juu. Hiyo ilikusudiwa hasa taarifa za umma: matumizi ya fedha, mikataba, maamuzi ya ofisi za serikali. Kwa kumbukumbu za mwili wako, shika ile ya 2022.

Barua

Kwa nakala moja ya majibu ya jana huenda usihitaji barua. Kadi yako ya hospitali na kitambulisho vinatosha. Ila kwa ripoti ya daktari, kwa kumbukumbu za miaka ya nyuma, au unapoomba kwa niaba ya mtu mwingine, andika. Barua kwa hospitali ya wilaya au ya mkoa hupelekwa kwa Mganga Mfawidhi. Kwa hospitali ya kanda, kama ile ya Rufaa ya Kanda Mbeya inayopokea wagonjwa kutoka mikoa yote ya Nyanda za Juu Kusini, hupelekwa kwa Mkurugenzi Mtendaji. Hospitali za makanisa, na huku kwetu ni nyingi, kuanzia Ikonda na Ilembula hadi Tosamaganga, Chimala na Igogwe, nazo zina mganga mfawidhi wake, kwa hiyo anwani haibadiliki sana.

Barua yenyewe haihitaji maneno mazito. Ile niliyoandika mimi, baada ya muuguzi yule kunielekeza steshenari ya jirani, ilikuwa hivi kwa ufupi: "Naomba kupatiwa nakala ya majibu ya kipimo cha nyama na maelezo ya upasuaji ya mama yangu, mwenye faili namba hii, aliyelazwa wodi hii kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii. Nakala hizi zinahitajika na daktari anayemtibu sasa Dar es Salaam. Nimeambatanisha barua yake ya idhini, nakala ya kitambulisho chake na nakala ya kitambulisho changu. Namba yangu ya simu ni hii." Idhini ya mama aliandika mwenyewe Mbagala kwa mkono, akaweka sahihi, dada akaipiga picha na kunitumia, nikaichapa.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki masijala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na inarudi kwako. Muhuri huo ndio unaokufanya wiki ijayo uwe mtu mwenye ombi lililopo mezani, na si mtu anayeanza kuomba upya.

Taja matumizi ya nakala hata kama hujaulizwa. Daktari anayeandika kwa ajili ya daktari mwenzake ataeleza saizi ya uvimbe na aina ya upasuaji. Anayeandika kwa ajili ya mwajiri ataeleza siku za kupumzika na kazi ambazo usifanye. Ripoti ya mwajiri haina sababu ya kutaja kila kilichokutwa mwilini mwako, nawe unayo nafasi ya kusema hivyo kwenye barua: andika unataka nini kiingie.

Kuhusu malipo: baadhi ya hospitali hutoza fotokopi na ripoti. Kwenye hospitali ya serikali, malipo halali hupitia kontroo namba, na unapewa risiti. Mtu akikuambia umtumie kwenye simu yake "ili faili litafutwe haraka," nenda dawati la huduma kwa wateja ukaulize bei iliyobandikwa.

Jina lako limeandikwaje?

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mafaili mengi ya watu wa kwetu yanapopotelea, na hakuna mtu anayewaambia.

Mtu anaitwa Anyelwisye. Mapokezi ya kwanza wameandika Anyelwisye, ya pili Anyelwise, ya tatu wamechoka wakaandika Annie. Ambakisye anakuwa Ambakise. Tuntufye anakuwa Tuntufie. Mwanamke alifungua faili kwa jina la baba, akaolewa, akarudi na jina la mume. Ukoo nao: ukiwa Makete ukiita "Sanga" wodini watageuka watu watano. Kwenye mfumo wa kompyuta herufi moja ikizidi, mashine inasema hakuna mtu kama huyo, na kwenye makabati ya karatasi jalada linakaa chini ya herufi ambayo hakuna atakayeifungua.

Ndiyo maana namba ya faili ina thamani kuliko jina. Iandike nyuma ya jalada la daftari lako, itunze kwenye simu, mwambie na mtoto wako. Kama huna namba, mpe mtunza kumbukumbu vitu vingine vya kushika: mwezi na mwaka, wodi, jina la daktari, kijiji ulichotaja siku ile, jina la mtu uliyemwandikisha kama ndugu wa karibu. Na mtajie majina yote uliyowahi kuandikwa, pamoja na yale yaliyokosewa.

Hata mipaka imehama. Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Vwawa, Tunduma na Ileje zilikuwa Mkoa wa Mbeya hadi mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Kwa hiyo karatasi za zamani za mtu wa Ludewa zitasomeka Iringa, na fomu za bima au mirathi za leo zitasema Njombe. Haiharibu kitu, mradi uieleze kabla karani hajadhani ni watu wawili tofauti.

Ukikuta kosa kwenye nakala yako, kama umri, jinsia, au jina ambalo halifanani na kitambulisho, omba lirekebishwe hapohapo, kwa maandishi. Ni haki iliyomo kwenye sheria niliyoitaja. Usifute wala kuandika juu kwa kalamu yako, maana karatasi ya hospitali iliyochezewa inakataliwa na kila mtu.

Picha na nyama

Picha ina vitu viwili: picha yenyewe, na ripoti ya mtaalamu wa radiolojia aliyeisoma. Watu huondoka na filamu wakaacha ripoti, au kinyume chake. Omba vyote. Siti skani na MRI siku hizi hutolewa kwenye CD. Bosi wa kitengo akikubali, zinaweza kuwekwa kwenye flashi. Picha uliyoipiga kwa simu kutoka kwenye skrini ya daktari haimsaidii daktari mwingine sana, kwa sababu skani moja ina mamia ya vipande na daktari anahitaji kuvipitia kimoja baada ya kingine.

Kipimo cha nyama kina jambo ambalo kila mwenye mgonjwa wa saratani anapaswa kulijua. Kile kipande kilichokatwa hakitupwi baada ya kusomwa. Kinagandishwa kwenye nta, kinakuwa kidonge kigumu kidogo kuliko sabuni ya hotelini, na vipande vyembamba mno hukatwa juu yake na kuwekwa kwenye vioo vya kusomea kwa darubini. Maabara hutunza nta na vioo hivyo. Hospitali unayokwenda, hasa Taasisi ya Saratani Ocean Road, inaweza kutaka siyo karatasi ya majibu tu bali vioo au nta yenyewe, ili isome upya au ifanye vipimo vya ziada vinavyoamua dawa ipi itafaa. Kwa hiyo ukipewa rufaa ya uvimbe uliokwisha kukatwa, uliza kabla ya kupanda gari: majibu yametoka? Yalisomewa maabara gani, na namba ya sampuli ni ipi? Ukiwa na namba ya sampuli mkononi, hata kama majibu hayajatoka, mtu aliyebaki Mbeya anaweza kuyafuatilia.

Ukiomba kwa ajili ya mwingine

Mzazi au mlezi huomba kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka 18. Cheti cha kuzaliwa kinatosha kuonyesha uhusiano. Mtu mzima mwenye akili timamu lazima aridhie mwenyewe, hata kama wewe ndiye uliyelipa bili yote. Mume hana ufunguo wa jalada la mke, wala mke la mume. Hili linaumiza baadhi ya wazee wetu, nimewasikia wakilalamika kwamba "mimi ndiye mwenye nyumba." Lakini fikiria mke aliyekwenda kutibiwa kipigo, na aliyempiga ndiye anayesimama dirishani kuomba maelezo yake.

Mgonjwa asiyeweza kusaini anaweza kuweka dole gumba mbele ya shahidi. Asiyejitambua, ndugu wa karibu hufika na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji inayomtambulisha. Kwa marehemu, hospitali kwa kawaida hutaka uthibitisho wa kifo na wa uhusiano, na kama jambo ni mali au fidia, barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Usisubiri jambo la mirathi likolee ndipo uanze kutafuta. Omba mapema, wakati madaktari waliomtibu bado wapo na wanakumbuka.

Kumbukumbu za VVU zina ulinzi wake wa ziada. Sheria ya Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu yawe siri, na mtoa huduma anayeyavujisha anatenda kosa. Kwa anayetumia dawa, kadi ya CTC1, ya kliniki ya tiba na matunzo, unakaa nayo wewe; kadi ya CTC2, yenye historia yote, inabaki kliniki. Ukihama, tuseme unatoka mashamba ya chai Mufindi kwenda kwenye mpunga Mbarali, huhitaji kuomba nakala ya kila kitu. Omba uhamisho rasmi. Kliniki inakujazia fomu yenye namba yako, dawa unazotumia, tarehe uliyoanza na vipimo vya mwisho, na kliniki mpya inaendelea pale ulipoishia. Anayehama kimyakimya akaenda kujiandikisha upya kama mgonjwa mpya anapoteza historia yake ya dawa, na historia hiyo ndiyo inayomwambia daktari kama dawa za kwanza zilishindwa. Katika mikoa yetu, ambako maambukizi yamekuwa juu miaka yote na Njombe ikitajwa ya kwanza Tanzania Bara, hili si jambo la watu wachache.

PF3 ni kitu kingine kabisa, ingawa inachanganywa na ripoti. Hiyo ni fomu ya polisi. Inatoka kituoni, daktari anaijaza majeraha aliyoyaona, na inarudi polisi kama sehemu ya kesi. Ifotokopi kabla hujaikabidhi.

Wakikataa

Kwanza uliza sababu, na uliza kwa upole kwa sababu mara nyingi ipo: jalada liko wodini, daktari wa kusaini yuko likizo, mfumo uko chini. Sababu isipokuwepo, panda ngazi ndani ya hospitali kabla ya kutoka nje: mkuu wa kitengo cha kumbukumbu, kisha Katibu wa Afya, kisha Mganga Mfawidhi mwenyewe. Ile nakala ya barua yenye muhuri ndiyo unayoiweka mezani. Nje ya hospitali kuna Mganga Mkuu wa Wilaya na wa Mkoa. Kama tatizo ni daktari aliyevunja maadili, kuna Baraza la Madaktari Tanganyika. Kama hospitali inazuia taarifa zako au imezimwaga kwa asiyehusika, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024.

Na kama sababu ni deni, usijifiche. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo, waeleze, waombe msamaha wa malipo au mpango wa kulipa kidogokidogo, halafu omba karatasi yako ya kuruhusiwa. Naamini deni lina njia zake za kudaiwa, na kumnyima mgonjwa karatasi inayosema ana mzio wa dawa fulani si mojawapo.

Dirishani, mara ya mwisho

Siku ya kuchukua, usisaini rejesta ya kutolea nakala kabla hujazipitia. Hesabu kurasa. Angalia kama kila ukurasa una jina na tarehe, kama maneno ya pembeni hayakukatwa na mashine, kama ukurasa wa nyuma umetolewa nakala pia. Tafuta muhuri, sahihi, na jina la daktari linalosomeka. Majina ya dawa yasiyosomeka, mwombe muuguzi akuandikie kwa herufi kubwa pembeni ya karatasi nyingine. Kisha nenda ukatoe fotokopi mbili, upige na picha kwa simu, umtumie mtu mmoja tu unayemwamini, siyo kundi la ukoo.

Majibu ya mama yangu yalikuwa ukurasa mmoja. Mtunza kumbukumbu aliyenikatalia asubuhi ndiye aliyenikabidhi saa nane mchana, ndani ya bahasha ya kaki, akanionyesha mahali pa kusaini. Nilisomea pale pale kwenye benchi. Juu kulikuwa na muhuri wa siku yalipopokelewa kutoka maabara: siku tisa kabla mimi na mama hatujapanda basi kwenda Dar es Salaam.